Usukani Uliochakaa: Soma Dalili Kabla Hujashika Rangi

Ijumaa moja ya mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, dereva mmoja wa teksi, mtu mzima, alikuja kibandani kwangu hapa Malindi akitoka msikitini. Alisimama mlangoni, akashika upindo wa kanzu yake akanionyesha. Kanzu ilikuwa nyeupe pepepe, na penye paja la kulia palikuwa na alama za vidole vinne, nyeusi, kama mtu aliyechovya mkono kwenye wino. Hakunigombeza. Alisema tu, "Fundi, usukani wako watoa rangi."

Wiki moja kabla yake nilikuwa nimeutengeneza usukani ule kwa rangi ya viatu. Ulipotoka mikononi mwangu ulikuwa mweusi, unang'aa, na mzee alifurahi. Lakini jua la saa nane na jasho la viganja havikuipa rangi ile hata siku kumi. Nilimlipia kanzu, nikauosha usukani siku nzima, na tangu hapo simshikii mtu brashi kabla sijajua usukani wake unaugua nini. Ninayoyaandika hapa ni ya mtu anayetaka kujitengenezea mwenyewe, au anayetaka kujua fundi wake anafanya nini.

Kinachoisha kwanza si ngozi

Ukiukata usukani wa ngozi utakuta ndani pete ngumu ya madini, kisha povu gumu, kisha ngozi iliyoshonwa upande wa ndani wa duara. Ngozi yenyewe kwa kawaida ni ya ng'ombe, imedabaghiwa, na unene wake ni milimita moja au kuzidi kidogo. Juu ya ngozi kuna rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba unaofanana na plastiki, usio na rangi, unaozuia jasho na taka. Kwa hivyo miaka ya mwanzo kiganja chako hakigusi ngozi hata siku moja. Kinagusa utando.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na mafundi wamo. Wanaona usukani umefifia, wanasema ngozi imekauka, wanatia mafuta: ya nazi, ya kujipaka, hata ya kupikia. Penye utando mzima mafuta hayaingii, yanakaa juu na kuteleza. Penye utando ulioisha yanaingia moja kwa moja, nyuzi za ngozi zinalegea, na rangi yoyote utakayopaka baadaye haishiki. Ngozi ya usukani haiombi mafuta. Imevuliwa nguo, inataka kuvikwa.

Na huku kwetu nguo hiyo inavuliwa upesi. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yameshatumika miaka saba hivi, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, basi utando unafika bandarini ukiwa umeshachoka. Ukifika Malindi unakutana na jasho. Jasho lina chumvi, na upepo wa bahari unaongeza yake. Chumvi hunywa unyevu: usiku usukani unalowa kidogo bila wewe kuona, mchana jua linapita kiooni na kuukausha. Gari lililofungwa juani hapa, usukani wake hupita nyuzi 50 za selsiasi, na ndiyo maana unaushika kwa ncha za vidole. Huko kulowa na kukauka kila siku ndiko kunakopasua. Ongeza mafuta ya kujikinga na jua ya wageni wa fukwe za Watamu, dawa za mbu za kujipaka zenye DEET, ambayo huyeyusha plastiki za aina nyingi, na ile dawa ya kutakasa mikono yenye alkoholi iliyoenea kwenye magari tangu mwaka 2020.

Tazama pia ni wapi palipochakaa, maana panakusimulia. Sisi huketi kulia. Mwenye gari la gia za mkono, mkono wake wa kushoto uko kwenye gia nusu ya safari, wa kulia ndio unaolea usukani. Kwa hivyo upande wa kulia, penye namba 2 na 3 za uso wa saa, huisha kwanza. Palipoisha juu kabisa, penye namba 12, mara nyingi ni jua. Palipoisha kwa mikwaruzo myembamba iliyonyooka, ni pete ya kidoleni au kucha.

Vipimo vitatu

Egesha kivulini, acha usukani upoe. Ufute vumbi kwa kitambaa kibichi, uache ukauke.

Tia tone la maji juu ya pahali palipofifia, uhesabu hadi sitini. Likisimama mviringo kama umande kwenye jani la mgomba, utando upo. Likitanda na kuacha doa jeusi, utando umekwisha na maji yameingia kwenye ngozi.

Chukua kitambaa cheupe, kitie spiriti kidogo, ile ya duka la dawa, sugua taratibu upande wa chini wa usukani pasipoonekana. Kikitoka na rangi ya hudhurungi, hiyo ni taka ya mikono. Kikitoka na rangi nzito ya usukani wenyewe, kuna mtu ameupaka kabla yako na hakuweka utando juu. Hiyo rangi ya zamani itatoka yote kabla hujaanza kazi yako, hakuna njia ya mkato.

Kisha tafuta mahali palipochanika, au pembe ambapo ngozi inaingia kwenye plastiki, uchungulie ndani. Ngozi halisi ina nyuzi zilizosokotana, kama upande wa chini wa ukanda wa makubadhi. Ya bandia ina kitambaa kilichofumwa, na juu yake gamba jembamba kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kipimo hiki usikiruke. Ngozi ya bandia haitibiki kwa dawa za ngozi halisi, na nimewaona watu wakimaliza wikendi mbili kwa kazi ambayo isingewezekana tangu mwanzo.

Jambo moja la usalama, nalisema kwa uzito wote. Katikati ya usukani kuna mfuko wa hewa, ule mafundi wanauita eabegi. Kuosha na kupaka hakuhitaji kuufungua, basi usiufungue. Kazi ikifika kung'oa usukani, waya wa betri upande wa hasi utolewe kwanza na mtu angoje. Vitabu vya Toyota vinataka si chini ya sekunde 90, mimi hungoja dakika kumi. Na afanye hivyo mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Kifuniko cha katikati kisipakwe rangi wala gundi kabisa, kwa sababu kimetengenezwa kipasuke mahali maalumu siku ya ajali.

Unang'aa na kuteleza

Hii ndiyo dalili inayodanganya kuliko zote. Mtu anaona usukani unang'aa anadhani ni mzuri, au anadhani umelika. Usukani wa ngozi ukiwa mpya haung'ai. Mng'ao ni mafuta ya mikono, jasho na vumbi vilivyobanwa pamoja mpaka vikawa gamba. Nusu ya sukani ninazoletewa zikiitwa zimechakaa, ugonjwa wake ni huu tu.

Dawa ni kuosha. Tumia sabuni ya ngozi, na ukiikosa, tone la sabuni laini ya mtoto kwenye maji. Usitumie sabuni ya unga wala ya kipande: ngozi asili yake ina uchachu kidogo, na sabuni hizo ni kali upande wa pili. Chovya mswaki laini, tengeneza povu kwenye kikombe, paka povu na si maji, sugua kwa duara dogo dogo, futa kabla halijakauka. Povu la kwanza litatoka na rangi ya chai. La tatu litakuwa na rangi ya maji ya mchele. Endelea mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Maji pia yaangaliwe. Visima vingi vya hapa mjini vina chumvi, na ukioshea usukani maji hayo unarudisha kile unachokitoa. Chukua maji ya mvua au ya kunywa, kikombe kimoja kinatosha.

Ukimaliza, rudia kipimo cha tone. Likisimama, kazi imekwisha, usipake kitu. Ile dawa ya kupuliza ya kung'arisha dashibodi usiisogeze hapa. Inafanya usukani uteleze ukikata kona, na silikoni yake inakataa rangi siku utakapotaka kupaka.

Unanata

Osha kama nilivyoeleza, mara mbili. Kunata kukiisha, ilikuwa taka. Kusipoisha, bonyeza kwa ukucha: alama ikibaki, utando wenyewe unaoza. Unyevu wa pwani huvunja aina fulani za plastiki polepole, na dawa ya mbu huyeyusha kwa siku moja kile ambacho unyevu ungekila mwaka. Hapo futa kwa spiriti, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka ufike mahali pagumu, kisha uende kwenye sehemu ya rangi hapa chini ukaujenge utando upya.

Kama usukani si wa ngozi bali ni wa mpira ulioumbwa, ukianza kunata unyevu umeshaingia ndani. Spiriti itautuliza mwezi mmoja au miwili, kisha utarudi. Uvishe ngozi.

Usiufiche chini ya kava ya kuvuta. Jasho linabaki katikati halina pa kutokea, na kava iliyolegea huzunguka peke yake mkononi wakati unataka gari ligeuke.

Rangi imefifia au imetoka, lakini ngozi ni laini

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na inawezekana nyumbani. Tone limezama, kijivu au hudhurungi ya ngozi inaonekana, lakini ukipitisha kidole hakikwami.

Osha mpaka kitambaa kitoke cheupe. Acha ukauke usiku kucha, maana ngozi iliyolowa inaonekana kavu kwa juu kabla ya kukauka ndani. Asubuhi futa kwa spiriti ili kuondoa mafuta, vitambaa viwili au vitatu, usiloweshe. Kama mtu aliutia mafuta ya nazi zamani, rudia siku tatu mfululizo, kwa sababu mafuta hupanda tena juu gari likipata joto.

Kisha msasa wa maji namba 1000, lakini uutumie mkavu, mkono mwepesi kabisa. Huondoi kitu, unafuta mng'ao uliobaki ili rangi ipate pa kushika. Futa vumbi. Funika dashibodi, vitufe vya honi na vya redio kwa tepu ya karatasi. Weka leso kuukuu mapajani.

Rangi iwe ya ngozi, ile ya maji yenye unga wa rangi ndani, si ya viatu, si ya kupuliza ya chuma, si ile ya spiriti inayozama kwenye ngozi tupu. Mimi huagiza Mombasa. Usukani mweusi si mweusi kama masizi. Tazama nyuma ya miguu ya usukani, ile inayounganisha duara na katikati, pale ambapo hapajaguswa na mkono wala jua: utaona weusi wenye kijivu ndani yake. Changanya tone la nyeupe, paka pembeni kidogo, kausha, kisha fungua mlango utazame kwa mwanga wa jua na si taa. Rangi mbichi na rangi kavu hazifanani. Kazi hii ya kulinganisha hunichukua nusu saa nzima, na ndiyo inayomfanya mwenye gari asijue palipotengenezwa.

Kata sponji ukubwa wa ndimu. Chovya kidogo, gonga kwanza kwenye karatasi ili ipungue, kisha gongagonga kwenye usukani. Usifute kama unayepaka ukuta, utaacha michirizi. Mpako wa kwanza utakuwa na mabaka na utatamani kuongeza. Usiongeze. Kausha kwa draya ya nywele, umbali wa shubiri moja, mkono ukitembea, na usiielekeze katikati penye mfuko wa hewa. Paka wa pili, kausha, wa tatu. Mara nyingi mitatu hadi mitano inatosha, na kila mmoja uwe mwembamba kiasi cha kuona wa chini yake. Karibu na mshono tumia brashi ndogo ya kuchorea, kwani uzi ukinywa rangi utaonekana daima.

Mwisho ni utando, na huu ndio nilioukosa kwenye usukani wa yule mzee. Ni dawa ya maji inayouzwa pamoja na rangi, chagua isiyong'aa. Changanya na kigumishi chake kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kiasi cha kazi ya siku hiyo tu, maana kikishachanganywa hakihifadhiki. Vaa glavu, fungua milango yote. Mipako miwili ya kugonga, na pale penye namba 2 na 3 za saa ongeza wa tatu.

Kisha gari lilale saa 24. Nawajua madereva wa hapa, gari lisipotembea hakuna unga, na kila mmoja huniomba aondoke baada ya kuswali Asri. Sikubali tena. Baada ya siku hiyo endesha, lakini kwa siku saba usioshe, usifute kwa dawa yoyote, na usiushike kwa mikono yenye mafuta ya kujipaka. Masika, kati ya Aprili na Juni, dawa za maji hukawia kukauka. Ongeza siku moja, na ufanye kazi kabla ya adhuhuri.

Panakwaruza, ngozi imefanya manyoya

Utando umekwisha, rangi imekwisha, na sasa nyuzi za ngozi zimesimama kama ukili uliofumuka. Ukipaka rangi juu yake utapata manyoya ya rangi mpya.

Osha na utoe mafuta kama kawaida. Paka bainda, yaani gundi nyembamba ya ngozi inayozama na kulaza nyuzi, kwa sponji, iache ikauke. Sugua kwa msasa 600 mpaka kidole kipite. Rudia mara mbili au tatu, malizia na 1000. Usiwe na haraka ya kusugua sana mara moja. Ngozi ni milimita moja, na ukifika kwenye tabaka la chini lililolegea huna pa kurudi. Pakiwa laini, endelea na rangi kama nilivyoeleza.

Nyufa na mashimo madogo

Dereva mmoja wa lori la chumvi, njia ya Gongoni na Marereni, aliniletea usukani uliojaa nyufa upande wote wa juu. Nilipopitisha kidole kilitoka na unga mweupe. Nilionja kwa ncha ya ulimi: chumvi. Ilikuwa imeingia ndani ya nyufa, na kila usiku ilikuwa ikivuta unyevu na kila mchana ikikauka, ikizisukuma kingo mbali kidogo kidogo. Niliuosha kwa maji ya mvua siku tatu kabla ya kugusa kitu kingine. Ningezijaza nyufa zile na chumvi yake ndani, zingefunguka kwenye mstari uleule kabla ya mwezi.

Kwa nyufa nyembamba: safisha, paka bainda, kisha fila ya ngozi, yaani uji mzito wa kuziba nyufa, kwa ncha ya kisu butu au kadi ya simu kuukuu. Tabaka jembamba, kausha, msasa, tabaka jingine. Fila nene hubonyea katikati na kupasuka. Usitumie bodifila ya mabati wala supagluu, zote mbili ni ngumu, na ngozi inacheza kila unapokamata kona. Shimo likizidi ukucha wa kidole gumba, au likiwa kwenye mkunjo wa mguu wa usukani, mimi huwa simlipishi mtu fila. Namwambia avishe ngozi mpya.

Maganda yanabanduka kama ngozi ya kitunguu

Ni ya bandia, na umeshaona kitambaa chini. Usipake. Gamba jipya litashika kwenye gamba la zamani, na la zamani linaachia. Vua yote, vika ngozi.

Madoa ya hina na piko

Sijayaona yakiandikwa popote, lakini mjini petu ni ya kila msimu wa harusi. Hina hushika protini. Ndiyo maana inashika kucha na nywele, na ngozi ya ng'ombe nayo ni protini. Penye utando mzima, futa upesi kwa povu na itatoka. Penye utando ulioisha, hasa kwenye usukani wa rangi ya maziwa, imeingia na haitoki, na ukisugua zaidi utachuna ngozi bure. Ukubali ilivyo, upake rangi juu yake na utando. Piko ni nyeusi na kali zaidi, nayo ni vivyo hivyo. Dada aliyetoka kupakwa mikono na akaingia kwenye gari la kaka yake, atandike leso juu ya usukani mpaka hina ikauke, hiyo inatosha.

Ngozi inacheza, uzi umekatika

Ukishika usukani ukiukamua kama unayekamua nazi na ngozi ikazunguka juu ya povu, kuna mambo mawili. Ama gundi ya ndani imeachia kwa joto, ama uzi umeoza na mshono umefunguka. Tazama mshono kwanza. Jua na jasho hukata uzi wa zamani kabla ya ngozi.

Ushonaji huu nilifunzwa na mjomba wangu, na yeye hakuwahi kushika gari. Alishona makubadhi, kazi ambayo watu wa Siyu huko kisiwani Pate walijulikana nayo tangu zamani. Aliniambia kitu kimoja ambacho mpaka leo nakifuata: tundu la zamani ni mali, usitoboe jipya. Kila tundu unaloongeza ni mahali pa kuchanika. Kwa hivyo toa uzi wa zamani kwa kibano, kipande kwa kipande, usivute kwa nguvu, na utumie matundu yaleyale.

Uzi uwe wa poliesta uliotiwa nta, milimita 0.8. Pima urefu wa mshono unaoshona, kata uzi mara nne au tano ya huo. Sindano mbili butu, moja kila mwisho wa uzi. Ingiza kutoka chini kwenda juu, kushoto kisha kulia, uzi ukipishana katikati kama kamba za viatu. Vuta kila pishano la tatu, si kila moja, na uvute sawa pande zote mbili, usimame pale kingo zinapogusana. Ukizidisha, kingo zitapandana na utausikia mgongo huo mkononi kila siku.

Kama mshono ni mzima na gundi tu ndiyo iliyoachia, na ni sehemu fupi, fungua matundu kama kumi, ingiza gundi ya kushikia viatu kwa kijiti pande zote mbili, ngoja mpaka isinate kidoleni, kisha bonyeza na ushone. Kama umelegea mzunguko mzima, usukani ung'olewe. Ngozi hunyunyiziwa maji kidogo kabla ya kuvikwa upya, kwa sababu ikiwa mbichi inavutika, na ikikauka inajikaza yenyewe. Ikauke kivulini. Nimemwona mtu akitumia bunduki ya moto ili amalize mapema, ngozi ikajikunja na kuwa kama mbao, na ngozi iliyofika hapo hairudi.

Umetengeneza, kisha shida ikarudi

Rangi inatoka kwenye viganja baada ya siku mbili tatu: utando haukuwekwa, au uliwekwa bila kigumishi. Ukiwa bado safi, futa kwa kitambaa kikavu na uweke utando. Ukiwa umeshashika jasho, anza upya.

Rangi inabanduka vipande vidogo kama magamba ya samaki: palikuwa na mafuta au silikoni chini. Hakuna kuziba juu. Futa kwa spiriti mpaka ngozi itokee, rudia siku tatu za kutoa mafuta, kisha upake.

Panang'aa pale penye namba 2 na 3 za saa peke yake, baada ya miezi: si rangi, ni taka inaanza kujijenga. Osha kwa povu. Yule mzee wa teksi hupitia kwangu kila baada ya wiki mbili akitoka msikitini, huniachia ufunguo, nami huufuta usukani wake kwa maji ya kunywa na kitambaa wakati yeye ananunua kahawa na kashata upande wa pili wa barabara. Huu ni mwaka wa tatu na sijaongeza rangi.